Picha Yenye Miguu

Mtaa mzima ulimwita Mzee Tulia, na jina hilo hakulipata kwa upole wake. Alilipata kwa sababu kwa miaka ishirini na saba alikuwa akiwaambia watu neno hilo hilo moja. Alikuwa mpiga picha za pasipoti. Ukiingia kwenye kile chumba chake chembamba na kukaa kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe, huulizwi habari za nyumbani wala za kazini. Unaambiwa inua kidevu, onyesha masikio, tulia. Wako waliosema hata mbu wa chumba kile walikuwa wametulia. Mzee aliwasikia na hakununa, maana aliamini kwa dhati kwamba nusu ya taabu za dunia huletwa na watu wasioweza kukaa mahali pamoja.

Mungu naye, sijui kwa utani gani, alimpa mtoto mmoja tu, binti, na binti mwenyewe alikuwa kiguu na njia. Mama yake ndiye aliyemwita hivyo tangu alipoanza kusimama kwa kushika meza. Ukimtuma chumvi, anakwenda mbio na kurudi mbio, na chumvi nusu imemwagika njiani. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa mfungaji tegemeo wa timu ya mpira wa mikono, na wenzake walimbatiza Manati kwa ajili ya mkono wake wa kulia. Akishaurusha mpira, kipa hana kazi nyingine ila kugeuka kuuokota nyavuni.

Ukutani pale sebuleni kulikuwa na picha zake kumi na tisa, moja kwa kila siku ya kuzaliwa, zote zimepigwa kwenye stuli ile ile mbele ya kitambaa kile kile, kichwa na mabega. Kila moja ilikuwa vita, kwa sababu binti alikuwa mwepesi wa kufumba macho. Taa ikitaka tu kuwaka, kope zimeshashuka. Mzee akabuni mbinu: anahesabu mpaka tatu kwa sauti, lakini anapiga kwenye mbili. Na zile zilizotoka macho yamefumba hazikulala kwenye kamera hata dakika moja. Ofisi ya pasipoti haipokei macho yaliyofumba, na Mzee hakuwa na kadi ya kumbukumbu ya kuchezea. Kidole gumba kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta, mara mbili, tik tik, mteja hata hajajua, anaambiwa tena atulie. Kitufe kile kilikuwa kimelika hadi alama yake haisomeki.

Msimu ulipokuwa unaelekea ukingoni, binti alianza kulalamika maumivu chini ya goti la kulia. Walidhani ni teke la mechini. Wakamkanda, wakamfunga bendeji, wakamwambia apumzike, jambo ambalo ni sawa na kumwambia asipumue. Goti lilipovimba wakaenda hospitali, na daktari akabandika picha ya mfupa kwenye taa ili waione. Mzee aliitazama kwa jicho la kazi yake, hakujizuia. Ilikuwa picha nzuri, kali, kila ukingo umesimama. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza maishani alitamani picha iwe na ukungu.

Uvimbe ulikuwa ndani ya mfupa. Daktari alizungumza taratibu, akarudia kila jambo, na mwisho wake ukawa kwamba mguu utakatwa juu ya goti Jumatatu ya wiki inayofuata, kabla ugonjwa haujapanda. Mpaka siku hiyo binti atembee kwa magongo. Kukimbia hapana, kuruka hapana. Fainali ya timu yake ilikuwa Jumamosi.

Binti hakulia mbele yao. Alilia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa, na wazazi wake wakakaa sebuleni wakisikiliza maji hayo kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari. Siku ya pili yake, baba akiwa anafuta meza, binti akaja na magongo yake, akasimama mbele ya ukuta wa picha, akazitazama zote kumi na tisa toka ya kwanza.

"Baba, hakuna hata moja yenye miguu," alisema.

Mzee alishika kitambaa cha meza, akazitazama naye. Ilikuwa kweli tupu.

"Nataka moja. Nikiwa narusha. Nikiwa na miguu yote."

Akamweleza kwamba Mwalimu wa timu amemwandikisha kwa ajili ya Jumamosi. Hatacheza, atakaa benchi. Lakini mpira wa mikono unaruhusu mchezaji kuingia na kutoka wakati wowote, na penalti yake hairukiwi wala haikimbiliwi: mrushaji anasimama mita saba kutoka golini, mguu wa mbele haubanduki sakafuni, refa akipuliza filimbi anarusha basi. Mguu wake wa mbele ulikuwa wa kushoto, ule mzima. Timu ikipata penalti, ataingia, atarusha, atatoka. Isipopata, ndiyo hivyo tena.

Mzee akamwambia picha hiyo ataipata. Alisema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, na usiku kucha usingizi haukumjia, kwa sababu alijua alichokuwa hakijui. Mara tatu alikuwa amekwenda kumtazama binti akicheza, na mara zote tatu alibeba kamera na ile lenzi ya kawaida iliyokuja nayo dukani. Alichopata ni ukungu wenye rangi ya jezi. Akazifuta zote pale pale kwenye viti, moja baada ya nyingine, na nyumbani akasema leo mwanga ulikuwa mbaya.

Mkewe alimpa ushauri wake asubuhi, wa bure. Alimwambia aende akamtazame mtoto kwa macho yake mawili, picha aachane nazo. Mzee akajibu kwamba mtoto hakuomba macho.

Duka la Fundi Jicho lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitasa na bawaba. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo aliyepigia gazeti picha za michezo kwa miaka mingi, hata jicho lake la kushoto likazoea kujifumba kila anapofikiri. Mgongo ulipomshinda akaacha kubeba lenzi nzito, akakaa kutengeneza kamera na kuuza vifaa vilivyokwisha tumika. Maneno yake yalikuwa makavu lakini hakuwahi kumuuzia mtu kitu kibovu.

Mzee alimwambia anataka kumpiga binti yake mechini, ndani ya ukumbi, na akiba yake inatosha kitu kimoja tu. Habari ya mguu hakuitaja. Ilikuwa bado haijapata njia ya kutoka mdomoni mwake.

Fundi akaweka vitu vitatu juu ya kaunta. Cha kwanza lenzi ndefu ya kuvuta, ya bei nafuu, ambayo Mzee alikuwa ameshaanza kuipenda kwa urefu wake. Fundi akaisukuma kando. Alisema hiyo inavuta mbali lakini tundu lake dogo, mwanga haupiti. Kwenye jua la mchana inafaa, ndani ya ukumbi ni hasara. Cha pili lenzi fupi nene ya milimita themanini na tano. Haivuti, haisogezi, ukitaka kumkaribia mtu utembee mwenyewe. Lakini tundu lake ni kubwa, na kwa bei yake hakuna kitu kinachoishinda. Cha tatu ilikuwa flashi.

"Hii itagandisha hata nzi," Fundi alisema, "ndiyo maana nakuonyesha, usije ukasema nilikuficha. Lakini ukumbini hawairuhusu. Mtu anataka kurusha, unamwashia taa usoni, si umemuua? Halafu hizi za kisasa zinakonyeza kwanza. Zinatoa kimwanga kidogo cha kujipimia, ndipo zinapiga. Mtu mwepesi wa kufumba, zinamkuta kafumba."

Hapo Mzee Tulia alipaswa kukumbuka kope za binti yake. Mwenzangu, alikuwa anatazama lenzi fupi, anaigeuza kwenye mwanga, na maneno ya Fundi yakampita.

Fundi akamfundisha akiwa amesimama dirishani, akimpigisha picha za watu waliovuka barabara chini. Afungue tundu mpaka mwisho. Shata, kile kipazia kinachofungua na kufunga jicho la kamera, iende kasi. Na aiso, ile namba inayoipa kamera uwezo wa kuona gizani, aipandishe bila huruma, elfu tatu na zaidi.

"Itatoa chenga," Mzee alisema.

"Iache itoe. Picha yenye chenga bado ni picha. Yenye ukungu, umebaki na hadithi tu kwamba ulikuwepo."

Akalipa, akaondoka na lenzi yake mfukoni, ameishika njia nzima.

Jioni ile nyumba ilikuwa na furaha, na hilo liliwashangaza wote watatu. Mzee alimkalisha binti mwisho wa ujia chini ya balbu, akampa soksi zilizokunjwa mviringo, akamwambia ampige nazo. Binti hakuhitaji kubembelezwa. Soksi ya kwanza ilimpata baba kwenye paji la uso, ya pili kwenye sikio, mama akacheka mpaka akashika mlango. Mzee alipiga picha kama thelathini, kisha akaketi kuzitazama kwenye skrini.

Aiso ikiwa juu, mkono ulikuwa umesimama angani, vidole vyote vitano vinahesabika. Fundi alikuwa amesema kweli. Lakini Mzee aliikuza sura ya mwanawe na kuona chenga, vidoadoa vya kijivu kwenye shavu, kwenye shingo, chini ya macho. Kuna mwaka ofisi ya pasipoti ilimrudishia picha za watu arobaini kwa ajili ya chenga, foleni nzima ikamtukana, na tangu hapo aiso yake haikupanda zaidi ya mia nne. Lakini hilo si lote. Zile chenga kwenye shavu la binti zilimfanya aonekane mgonjwa. Alionekana kama mtu ambaye ule uvimbe umeshamfika usoni. Kidole gumba kikaenda, tik tik, tik tik, mpaka zikaisha. Akashusha aiso mia nne, akapiga nyingine, sura ikawa safi na mkono ukawa ukungu mtupu.

Ijumaa mchana alipanda tena ngazi za Fundi Jicho akataka kubadilisha lenzi kwa flashi. Fundi akamuuliza kwa nini. Akasema ni kwa ajili ya studio. Jicho la kushoto la Fundi likajifumba, likakaa hivyo muda.

"Studio una taa," alisema.

Mzee akashikilia kwamba ni kwa ajili ya studio. Alikuwa kichwa kigumu kimya kimya, na watu wa namna hiyo hawana dawa. Fundi akambadilishia. Alipomkabidhi alimwambia akitaka kuitumia kwa mtu mwenye kufumba, azime ile sehemu ya kujipimia, akamwonyesha na kitufe. Mzee akaitikia ndiyo, ndiyo, tayari yuko mlangoni.

Mlango wa ukumbi wa michezo ulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: HAKUNA FLASHI. Mzee aliisoma. Flashi ilikuwa kwenye mfuko wa koti, na alijiambia ameibeba tu isije ikaibiwa nyumbani, ingawa nyumba yao haikuwahi kuibiwa hata kijiko. Mkewe akaenda kukaa juu na mashabiki. Yeye akaomba nafasi sakafuni nyuma ya goli, pembeni kidogo, akapewa kwa heshima ya mvi zake na kwa sababu kila mtu pale alishajua habari ya Manati.

Binti alikuwa mwisho wa benchi, jezi yake mpya, magongo yamelazwa chini ya kiti. Kila refa alipopuliza filimbi aliinuka nusu. Kila mara ilikuwa faulo ya kawaida, akakaa tena. Kipindi cha kwanza kikaisha bila penalti. Cha pili kikaanza, wapinzani wakapata penalti mbili, timu ya binti haikupata hata moja. Mzee alipiga wachezaji wengine kwa kujaribu, kwa lenzi yake ya zamani na aiso yake ya mia nne, akatazama, akafuta, akapiga, akafuta. Zikiwa zimebaki dakika tano kadi yake ilikuwa tupu. Akaichomeka flashi juu ya kamera. Hakuiwasha.

Ilipobaki chini ya dakika moja timu ilikuwa nyuma kwa goli moja. Msichana wa pembeni akaruka mbele ya goli, akavutwa jezi kwa nyuma, akaanguka. Refa akanyoosha mkono kwenye mstari wa mita saba.

Ukumbi mzima ukageukia benchi. Mwalimu alimwashiria kwa kichwa aingie. Binti akaacha magongo pale pale, akaingia akichechemea, na wapinzani wenyewe wakampisha njia. Akauchukua mpira. Akaweka mguu wa kushoto mbele, wa kulia akaugusisha nyuma kwa ncha ya kiatu. Kisha akafanya jambo ambalo baba yake hakupata kumwona akilifanya kwa hiari tangu azaliwe. Alitulia. Alitulia kabisa, mpira umeinuliwa sikioni, macho kwenye kona ya juu ya goli, akingoja filimbi.

Mzee alimwona kwenye kioo cha kamera mzima mzima, toka nywele hadi viatu. Alijua akipiga hivi hivi mkono utakuwa ukungu. Alijua hakutakuwa na nyingine. Karatasi ya mlangoni aliiona kichwani mwake, neno kwa neno, na nitasema ukweli wake wote: aliiona, na kidole kikaiwasha.

Filimbi ikalia. Mkono ukaenda. Mwanga ukapasuka.

Mpira uligonga mwamba wa pembeni na kurudi uwanjani. Kipa wa wapinzani alikuwa bado ametawanya mikono, na binti alikuwa amesimama mkono ungali mbele, akipepesa macho. Halafu vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kutafuta mwanga ulikotoka, na flashi ikawa inajijaza tena kwa kile kimlio chake chembamba ambacho kila mtu alikisikia. Mwalimu alimkimbilia refa. Marefa wawili wakanong'onezana, wakatikisa vichwa. Shuti limerushwa, muda unaendelea. Sekunde zilizobaki zikaisha, mechi ikaisha.

Mzee alikuwa ameinama juu ya skrini. Ilikuwa picha ambayo hakupata kupiga mfano wake. Jasho kwenye shingo, mshono wa mpira, vidole vitano, jezi imekunjamana ubavuni, magoti, viatu viwili, hata kamba ya kiatu cha kulia iliyolegea. Na macho yalikuwa yamefumba.

Tik tik.

Hakukusudia. Hata hakufikiri. Macho yamefumba, kidole kimefanya kazi yake ya miaka nenda rudi, na skrini ikaandika kwamba hakuna picha. Alikaa pale sakafuni akiyasoma maneno hayo mpaka wahudumu wakaanza kukunja nyavu.

Binti alimkuta kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, ujia wenye kuta za kijani na taa moja ya mrija juu. Alikuwa kwenye magongo, macho mekundu. Mama alikuwa nyuma yake na maneno yote mdomoni, lakini binti alimzuia kwa mkono.

"Umeipata?" binti aliuliza.

Uongo ulimjia Mzee ukiwa tayari umevaa nguo. Angeweza kusema taa iliharibu, kamera iligoma. Ukamshinda.

"Niliipata," alisema. "Ulikuwa umefumba macho. Nikaifuta."

"Ukaifuta."

"Kidole, mwanangu. Ni kidole tu."

Binti alimtazama huyu baba yake aliyekuwa amevaa koti lake la arusi kwa ajili ya mechi.

"Nilikuwa naiona kona, Baba. Ilikuwa wazi kabisa. Nilikuwa nimetulia." Midomo ikamcheza. "Halafu sikuona kitu."

Mzee alilia hapo. Alilia wazi, kamera ikimning'inia tumboni, na wachezaji waliokuwa wanatoka wakapita wakitazama ukuta. Mkewe alimwacha alie. Hakuwa na huruma naye wakati ule, na sidhani kama alikosea.

"Basi nipige sasa," binti akasema.

Akampa mama magongo. Mzee akafuta uso, akainua kamera, na mkono wake ukaipapasa flashi kwa mazoea.

"Bila taa."

Akaichomoa, akaitia mfukoni. Akapandisha aiso mpaka mwisho, kule ambako hakuwahi kufika. Jicho lake likamtafuta mtoto, likamkata pale pale linapokata watu wote, kichwa na mabega.

"Miguu, Baba."

Akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, akarudi mpaka mgongo ukagusa ukuta na viatu vyote viwili vikaingia ndani ya picha. Binti alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili na maumivu yalikuwa usoni mwake, hakuyaficha. Mzee akafungua kinywa kusema lile neno lake. Halikutoka. Na binti alikuwa ametulia bila kuambiwa, macho wazi, anamtazama yeye. Alipiga moja tu.

Jumatatu walimkata mguu.

Jumanne Mzee alipanda ngazi za Fundi Jicho na kumweleza yote, toka picha ya mfupa hadi kidole gumba. Fundi alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mwanamke yule wa maneno makavu aligeuka akatazama rafu ya nyuma, zilikokaa lenzi zake kubwa za zamani ndani ya mifuko yao.

"Ungeniambia siku ile," alisema. "Ningekuja mwenyewe. Ningekuja nazo zote."

Mzee alikuwa anajua. Alikuwa amelijua tangu Jumamosi.

Fundi akachukua kadi, akaichomeka kwenye kompyuta, akaeleza kwamba kilichofutwa hakiondoki mara moja, kinabaki mpaka kingine kije kukalia mahali pake. Walingoja karibu saa nzima. Zilitoka takataka nyingi za ukungu, na mwishoni ikatoka nusu ya picha. Nywele, macho yaliyofumba, shingo, mabega, mkono ulioinuliwa na mpira ndani yake. Kuanzia kifuani kwenda chini ilikuwa kijivu tupu, bapa, hakuna kitu. Mzee akauliza iliyobaki iko wapi. Fundi akamwonyesha picha ya ujiani, ile ya viatu viwili.

"Uliyopiga baadaye ndiyo iliyokaa juu yake," alisema. "Hapo haitoki tena."

Flashi Mzee aliiacha kaunta. Fundi alitaka kumrudishia lenzi, akakataa.

Hospitalini binti alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Mama alikuwa kando ya kitanda, anakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Alianza kusema kwamba huyu kiguu na njia leo amekula vizuri, akaishia kwenye kiguu, akaendelea kukunja. Mzee hakuwa amesafisha picha yoyote. Aliogopa kufanya lolote bila kuuliza. Alileta kamera yenyewe, na ile nusu Fundi ameirudisha kwenye kadi.

Akamwonyesha kwanza ile ya ujiani. Ilikuwa na chenga kila mahali, usoni, ukutani, kwenye viatu, na mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa na huzuni na alikuwa mzima. Binti aliitazama, akaitikia kwa kichwa. Mzee akaleta ile nyingine.

Binti akaishika kamera kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na uso. Akautazama mkono wake, mpira, kope zake mwenyewe zilizoshuka.

"Na chini?" aliuliza.

"Chini hakuna, mwanangu."

Mkono wa binti ukashuka juu ya blanketi, ukapita kwenye paja, ukafika pale blanketi lilipolala bapa juu ya godoro, ukasimama. Mzee alinyoosha mkono aichukue kamera. Kidole gumba chake kilikuwa karibu na kitufe, kama siku zote, na binti akakiona. Akakishika, akakibana kwa nguvu ndani ya kiganja chake cha kurushia.

"Usiifute," alisema.

Mzee akasema hataifuta. Binti hakukiachia kidole. Basi kwa mkono mwingine Mzee akaizima kamera na kuiweka kitandani, upande wa kulia, ambako kulikuwa na nafasi.